Sange na Mgeni wa Nyuma ya Jani

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanalima, kila mmoja na jembe lake na ghala lake, palikuwa na bonde moja huko juu kwenye baridi, ambako ukungu hulala shambani mpaka jua linachoka kuusubiri uamke. Katika bonde hilo walikaa majirani watatu.

Wa kwanza alikuwa Tembo. Huyo mnamjua. Alikuwa na nyumba ya milango mipana, mke wa heshima, na sauti ambayo ikisema jambo, jambo limekwisha.

Wa pili alikuwa Kifaru. Kifaru alikuwa na nguvu nyingi na macho mabovu. Njiani alikuwa akisalimia visiki, na kisiki kisipoitikia alikipiga pembe.

Wa tatu alikuwa Sange. Huyo pengine hamumjui. Sange ni mnyama mdogo kama panya, mwenye miguu myembamba ya kukimbia, masikio makubwa, na pua ndefu inayochezacheza kama mkonga ulioanza kuota ukaghairi. Kwa sababu ya pua hiyo alimwita Tembo mjomba. Tembo hakuwahi kuliitikia neno hilo, lakini hakulikataa pia, kwa sababu mtu anayekuita mjomba unaweza kumtuma.

Sange alikuwa mjane. Mumewe alichukuliwa na mwewe mchana kweupe, akamwachia watoto wa kulea na kibanda chini ya mizizi.

Majirani hawa walilima maharage kwa shirika. Tembo aling'oa miti. Kifaru alipasua ardhi kwa pembe. Sange alipanda, akapalilia, akafukuza wadudu, akapalilia tena. Wakati wa mavuno desturi ilikuwa mkubwa achague kwanza. Basi Tembo alichagua, kisha Kifaru akachagua, kisha Sange naye akachagua katika kile ambacho wenzake hawakukitaka.

Mwaka mmoja Tembo alileta mbegu kutoka ukweni. Yalikuwa maharage makubwa, meupe, yanang'aa kama meno ya mtu asiyekula sukari. Sange alipanda, akapanda, na alipofika katikati ya shamba mbegu zikaisha. Mawingu yalikuwa yameshajaa upande wa mlima.

"Zimekwisha, mjomba," akasema Sange.

"Basi tafuta nyingine," akasema Tembo.

Sange akaenda nyumbani akarudi na kibuyu. Ndani yake, katika majivu, mlikuwa na maharage madogo ya rangi ya maji ya kuoshea vyombo.

Tembo akayatazama. "Haya ni maharage au kokoto?"

"Ni maharage, mjomba. Ya marehemu mama. Naye aliachiwa na mama yake."

"Panda basi. Ni afadhali kuliko udongo mtupu."

Sange akakung'uta kibuyu chote. Haikubaki hata punje moja. Jioni mvua ikanyesha.

Maharage yakaota. Nusu ya shamba, ile ya mbegu za ukweni, ilitoa majani mapana, ya kijani kilichokolea, laini, yasiyo na dosari. Wapita njia walisimama kuyatazama. Nusu ya pili, ile ya kibuyu, ilitoa majani madogo yenye uso wa kukunjamana. Kisha yakaanza kutoka madoa. Yalikuwa madoa madogo, makavu, ya kahawia, kama jani limerukiwa na cheche za moto.

Aliyeyaona kwanza alikuwa Kifaru, kwa sababu yeye ili aone kitu ilimbidi akiguse kwa pua.

"Tembo," akaita. "Njoo. Au niko mbele ya jiwe?"

"Uko mbele ya maharage," akasema Tembo, akaja. Akatazama kwa muda. Kisha akamwita Sange.

"Sange, maharage ya mama yako yanaumwa."

"Naona yana madoa, mjomba. Lakini hayajanyauka."

"Kitu chenye madoa kinaumwa. Na kinachoumwa huambukiza. Kesho jua likishapanda tutayang'oa na kuyachoma moto, kabla ugonjwa haujavuka kwenda kwenye yale mazima."

"Yote, mjomba?"

"Yote."

Sange alikwenda nyumbani akapika, watoto wakala, akaosha sufuria akaifunika. Kisha akaketi mbele ya kile kibuyu kitupu. Yakichomwa maharage yale, hakuna mahali pengine duniani ambako angeyapata. Mbegu iliyopita mikono ya bibi na mikono ya mama ingefia mikononi mwake, tena kwa amri ya mtu mwingine.

Kulipopambazuka, umande ungali mzito, akatangulia shambani. Alitaka kujua ni ugonjwa gani huo, angalau aujue kwa jina. Akapita kwanza kwenye yale majani mapana ya kijani, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa njiani. Hapo pua yake ikasimama.

Palikuwa na harufu. Harufu ndogo tu, kama ya kapu lililofunikwa likiwa na unyevu. Akainua jani moja akalitazama kwa chini. Lilikuwa safi. Akatega sikio. Ndani ya jani mtu alikuwa anatafuna.

"Hodi," akasema Sange.

Kule kutafuna kukakoma. "Karibu," ikasema sauti nyembamba mno. "Ila usiseme kwa nguvu. Wenye nyumba hawajui kama nimo."

"Ni nani wewe?"

"Kutu."

"Kutu wa majembe?"

"Yule ni mwingine. Hatuna undugu. Mimi ni Kutu wa majani."

Sange akaketi chini ya jani. "Na humo umeingiaje, Bwana Kutu? Mbona sioni tundu wala ufa?"

Sasa, Kutu alikuwa na ugonjwa wa upweke. Siku zote anaishi katika nyumba ambamo hawezi kumsemesha mtu. Alipoulizwa swali kwa adabu, hakuweza kujizuia.

"Keti vizuri nikwambie," akasema. "Mimi nilikuja na upepo, vumbi tupu. Ungeniona usingenihesabu. Nikaangukia mgongoni mwa jani. Nikangoja umande. Umande ulipokuja nikatoa kidole."

"Kidole kimoja?"

"Kimoja kinatosha. Nikapapasa. Ngozi ya jani ina nta, ngumu, haipasuki kwa mtu kama mimi. Lakini jani nalo linapumua, na kila mwenye kupumua ana mlango. Nikapapasa mpaka kidole kikagusa ukingo. Kijiinuko kidogo hivi, kama kizingiti. Nikajua ndipo. Nikaketi juu ya mlango, nikajaza upepo mashavuni, nikasukuma, nikaingia."

"Hukuulizwa?"

"Mlango wa kupumulia hauna hodi."

"Na baada ya hapo?"

"Ndani mna vyumba. Vingi, vimepangwa ukuta kwa ukuta, na katika kila chumba anakaa mwenyewe anapika sukari kwa jua. Nikatembea katika vichochoro vya katikati. Nikachagua ukuta mmoja. Nikatoboa tundu dogo, dogo sana."

"Mwizi," akasema Sange.

"Hapana," akasema Kutu, naye akaumia kidogo. "Mwizi huvunja. Sikiliza. Nyuma ya ukuta mna pazia, na pazia hilo ndilo ngozi ya mwenye nyumba. Likichanika, amekufa. Mimi silichani. Nalisukuma taratibu kwa mkono, nalo linauzunguka mkono wangu kama shuka. Mkono umo chumbani, na pazia ni zima. Sukari inapita kwenye pazia inakuja kwangu. Yeye anapika, mimi nakula. Ni mzima kabisa."

"Wala hapigi kelele?"

"Huwa wanataka kupiga. Basi mimi nanong'ona. Nina maneno yangu. Namwambia, tulia, huo ni upepo. Namwambia, usizeeke, endelea kuwa kijani. Anatulia. Nikishazoea chumba hiki natoa kidole kingine, naingia cha pili. Akifa yeye mimi nitakula nini? Mimi sili maiti. Hakuna anayemtakia mwenye nyumba uhai kama mimi."

Sange akalitazama lile jani. Lilikuwa zuri kupita yote.

"Na mwisho wake?"

"Nikishashiba nazaa. Wanangu watatoka kwa chini ya jani, watapasua ngozi, watapanda upepo. Wengi. Hapo ndipo nyumba inapochoka, lakini hapo sisi tumeshahama. Haitachukua muda mrefu sasa."

"Umo katika jani hili tu?"

"Nimo katika nusu hii yote. Watu hawa ni wakarimu sana."

Sange akageuza pua upande wa pili wa shamba. "Na kule kwenye madoa?"

Kutu akasema kwa sauti ya mtu aliyekosewa, "Wale ni wakorofi."

"Wamekufanyaje?"

"Ndugu zangu wengi walikwenda kule. Mlango waliupata, ukuta wakautoboa, wakasukuma pazia kwa adabu ileile. Wakanong'ona. Lakini watu wale wana sikio. Mwenye chumba akishaigundua ile sauti hajibu neno. Anaichoma nyumba yake, mwenyewe yumo ndani, na mgeni yumo ndani. Majirani wanaziba milango. Basi. Ndugu yangu anakufa njaa akiwa ameshika mkono wa maiti."

"Na kinachobaki ni doa," akasema Sange polepole.

"Kinachobaki ni doa. Kila doa ni kaburi la wawili. Mimi kule siendi."

Sange akasimama. "Huogopi nitakwenda kuwaambia wenye shamba?"

"Waambie," akasema Kutu, akaanza tena kutafuna. "Nani atakuamini?"

Jua lilipopanda, Tembo na Kifaru walifika. Kifaru alikuwa amebeba kuni. Sange akawasubiri mpakani mwa nusu mbili za shamba, na kwanza kabisa akasema kweli, kwa sababu mama yake alimfundisha kweli ipewe nafasi ya kwanza, hata kama haitaitumia.

"Mjomba, wagonjwa ni haya ya kijani. Ndani mna Kutu. Anakaa nyuma ya pazia na kula. Yale ya madoa ndiyo yaliyomshinda. Kila doa ni mtu aliyejichoma na adui yake."

Tembo akang'oa jani la kijani. Akaligeuza. Akalipangusa kwa mkonga. Akalitazama kwenye jua. "Sioni kitu."

Kifaru akaligusa kwa pua. "Nami sioni," akasema, na hapo alikuwa mkweli.

"Sange," akasema Tembo, "wivu ni mbaya. Maharage yako yameumwa, sasa unataka na yetu yaumwe."

"Anayataka ya kijani," akasema Kifaru. "Ndiyo shida yake. Anatisha watu ili tuyaache ayachukue yeye."

Sange alipoyasikia maneno hayo, pua yake ilicheza mara moja ikatulia. Alijua sasa kwamba hawataamini hata moja atakalosema juu ya maharage, lakini wataamini lolote juu ya tamaa yake. Akainamisha kichwa kama mtu aliyekamatwa.

"Mmenigundua," akasema. "Nisameheni, mjomba. Basi chomeni hayo ya mama. Wala sina neno tena."

"Vizuri," akasema Tembo.

"Tukishachoma, yatabaki ya kijani peke yake, na shamba ni la shirika. Tutagawana hayo ya kijani watatu. Kwangu ni faida. Bwana Kifaru, nikuletee moto?"

Kifaru, aliyekwisha kuinama kupanga kuni, akabaki ameinama.

Tembo akasema, "Ngoja kwanza, Sange. Tuna mazungumzo ya wakubwa."

Wakasogea kando wakanong'ona. Mnong'ono wa Tembo unasikika ng'ambo ya mto.

"Hatukuwaza hilo," alinong'ona Tembo. "Yakichomwa haya, huyu ataingia kwenye yetu."

"Nilisema anayataka ya kijani," alinong'ona Kifaru.

"Basi tusichome. Tumpe hayo ya madoa yawe fungu lake. Tena tugawe leo leo, kabla ya mavuno, asije akasema maneno mengine."

"Na ugonjwa ukivuka?"

"Utachimba mtaro."

"Kwa nini mimi?"

"Mwenye pembe ni nani?"

Wakarudi. Tembo akakohoa. "Sange, tumekuonea huruma. Hatutachoma urithi wa mama yako. Chukua nusu yote ya madoa iwe yako peke yako, na sisi tutachukua hii nyingine."

"Mjomba, hayo yanaumwa. Umesema mwenyewe."

"Yatapona."

"Mjomba, nina watoto."

"Yatapona, nimesema."

Sange akafuta macho kwa ncha ya pua. "Na yasipopona? Nikija mlangoni kwako kuomba hata kibaba, hutanipa?"

Tembo akaona hatari hiyo nayo akaifungia mlango. "Hapana. Kila mtu atakula upande wake. Asije mtu kuomba kwa mtu, hata punje, mwaka uwe mzuri au uwe mbaya."

"Basi uape, mjomba, nisikae na tumaini la bure. Na Bwana Kifaru naye."

Wakaapa wote watatu kwa kulamba udongo wa shamba lile, kama ilivyokuwa desturi ya bonde. Kifaru alilamba mwingi. Kisha akachimba mtaro, grugrugru, kutoka juu mpaka chini. Sange akaenda upande wake bila kugeuka nyuma, maana uso wake wakati huo haukuwa wa mtu aliyedhulumiwa.

Haukupita muda mrefu. Maharage yalianza kutoa maua, na asubuhi moja Mama Tembo akaenda kuchuma majani ya mboga. Alirudi nyumbani na kanga nyeupe imegeuka rangi ya matofali.

"Baba," akamwambia mumewe, "umechukua shamba la maharage au la ugoro?"

Tembo akaenda mbio, na anapokwenda mbio Tembo, vyungu vya watu huanguka. Akainua jani. Chini yake palikuwa na vipele vingi, vimepasuka, na katika kila kipele unga wa kahawia. Akainua la pili. Akainua la kumi. Yote yalikuwa hivyo.

"Vumbi tu hili," akasema. "Litapulizwa litoke." Akavuta pumzi mkongani akapuliza, fuuuu, kutoka mwanzo wa shamba mpaka mwisho. Unga ukainuka kama moshi, ukaenda kuangukia majani yale machache yaliyokuwa bado hayajaguswa. Ukamwingia na yeye puani.

"Chyaaa!" akapiga chafya.

Yale machache yaliyosalia nayo yakapata.

Kutoka ndani ya wingu lile ikasikika sauti nyembamba, na nyuma yake sauti nyingine nyingi mno, nyembamba vilevile. "Tunashukuru, mzee. Tungekwenda kwa miguu."

Majani ya kijani yakageuka manjano, yakajikunja, yakadondoka. Maganda yaliyokwisha kufunga yakabaki matupu kama mifuko ya mtu aliyetoka sokoni. Kifaru alitembea katikati ya mashina akiyagusa moja moja kwa pua. "Mimi sasa naona," akasema.

Unga ule ulivuka na mtaro. Upepo haujui mitaro. Sange alikuwa palizini ulipomwangukia yeye na maharage yake. Akaketi chini ya shina akatega masikio. Akasikia vidole vikipapasa, akasikia kuta zikitobolewa, akasikia minong'ono. Kutu alisema hawezi, lakini maneno ya Kutu nani atayawekea dhamana?

Kisha akasikia, tik. Chumba kimoja kimejichoma. Tik. Kingine. Tik, tik, huku na kule, juu yake na kando yake, na baada ya kila tik mnong'ono mmoja ulizimika. Kila tik alisema, "Pole." Alisema pole mpaka sauti ikamkauka. Jua lilipotua majani yalikuwa na madoa mengi kuliko mwanzo, na mashina yalikuwa yamesimama.

Maganda yakajaa. Sange na watoto wake walivuna, wakapura kwa kurukaruka juu ya maganda, wakapeta, wakajaza kibanda mpaka ikabidi walale barazani.

Siku moja Tembo akaja akasimama kwenye ukingo wa mtaro. Ngozi ilikuwa imemlegea. Kifaru alikuwa nyuma yake.

"Habari za kutwa, mjomba," akasema Sange. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Nzuri," akasema Tembo. Akasimama. Kivuli chake kikasogea. "Sikuja kuomba," akasema.

"Najua, mjomba. Uliapa."

"Nimekuja kutazama tu."

"Tazama, mjomba."

Tembo akatazama. Tumbo lake likanguruma, na ndege wakaruka kutoka mtini.

Sange aliendelea kuchambua. Sitawaficha, wanangu, alikuwa anaona utamu. Alikumbuka miaka yote aliyochagua katika yasiyotakiwa, na watoto wakilamba mwiko usio na kitu. Angeweza kumwacha mzee yule asimame pale mpaka giza, wala asingekuwa amevunja neno lolote. Lakini Mama Tembo alikuwa amesimama mbali zaidi, chini ya mteremko, na hakuja karibu kwa sababu ya aibu, ingawa hakuwa na kosa. Sange alipomwona, ule utamu ukaisha.

"Mjomba," akasema, "tuliapa mtu asiombe. Hatukuapa mtu asipewe."

Tembo akafikiri kwa bidii. "Ni kweli," akasema. "Hatukuapa hivyo."

"Basi nikikupa hujaomba. Kikapu hiki ni cha kula leo, mwite Mama Tembo aje achukue mwenyewe. Na hiki ni cha mbegu. Utapanda kwa mkono wako na kupalilia kwa mkono wako, kwenye shamba lako. Shirika limekwisha."

"Na mimi?" akauliza Kifaru.

"Na wewe. Ila usile mbegu."

"Nitajaribu," akasema Kifaru.

Tembo akapokea. Kisha akasema, "Ulituchezea, Sange."

"Niliwaambia kweli kwanza, mjomba. Hamkuitaka. Nikawapa kile mlichokitaka."

Mvua zilipokuja tena, Tembo alipanda. Mgongo ulimuuma na magoti yalimuuma, akajua palizi ni kitu gani. Maharage yakaota, yakatoa majani madogo ya kukunjamana. Asubuhi moja Kifaru akaja anahema.

"Tembo, maharage yako yana madoa. Nimeyagusa mwenyewe. Nilete kuni?"

Tembo akatoka. Akapiga magoti matopeni, mwili mzima, akainua jani moja kwa ncha ya mkonga, akalitazama juu, akalitazama na chini. Palikuwa na doa dogo, kavu, la kahawia. Akalikaribia kwa sikio lake kubwa na kungoja. Mahali fulani ndani ya jani ikasikika, tik.

"Uyaache," akasema Tembo.

"Yanaumwa lakini."

"Hapo amekufa mtu kwa ajili ya tumbo langu. Nyamaza kidogo."

Kifaru hakuelewa, ila naye akapiga magoti, na wote wawili wakabaki hivyo mbele ya jani lile mpaka umande ulipokauka.

Nanyi, wanangu, msimcheke mwenye kovu kabla hamjauliza alipigana na nani.